Jinsi ya kupima kama dawa inazuia bakteria kunata kwenye seli za njia ya hewa

Antibiotiki huua bakteria. Dawa ya kuzuia kunata huwaacha hai ila huwanyima pa kushika, ili kamasi na kikohozi viwatoe nje. Kwa hiyo ukiona bakteria wamepungua kwenye seli, usishangilie bado: huenda wamekufa tu.

Hatua ya 1: Otesha seli. Mimi hutumia A549, seli za mapafu ya binadamu, katika sahani ya vishimo 24, nyuzijoto 37, kabonidioksidi asilimia 5. Subiri zifunike sakafu yote ya kishimo, la sivyo bakteria watanata kwenye plastiki nawe utawahesabu. Siku moja kabla ya jaribio, zihamishie kwenye chakula kisicho na antibiotiki. Wengi husahau hili.

Hatua ya 2: Andaa bakteria. Wachukue wakiwa bado wanaongezeka kwa kasi. Ukitumia Pseudomonas aeruginosa, tenga vishimo vya galaktosi na fukosi kwa ulinganisho: protini zake LecA na LecB hushika sukari hizo juu ya seli, hivyo sukari iliyo huru inaweza kuziba nafasi. Hawa ni vimelea vya nimonia. Fanya kazi ndani ya kabati la usalama.

Hatua ya 3: Jaribu dawa peke yake. Hapa usiruke kitu. Weka dawa na bakteria bila seli, kwa muda uleule wa jaribio, kisha hesabu walio hai. Wakipungua, dawa yako inaua. Halafu weka dawa na seli bila bakteria, uzitie rangi ya tripani buluu. Zilizokufa hugeuka buluu. Kama dawa imeyeyushwa kwa DMSO (kimiminika cha kuyeyushia dawa), vishimo visivyo na dawa navyo vipate DMSO kiasi kilekile.

Hatua ya 4: Wakutanishe. Bakteria 10 kwa kila seli, dakika 30 hadi 60. Ukizidisha muda watazaliana, na wengine wataingia ndani ya seli.

Hatua ya 5: Osha mara tatu. Majibu mengi huharibikia hapa. Inamisha sahani, mimina maji ya chumvi yenye bafa (kinachozuia asidi isibadilike), ya uvuguvugu, yateremke ukutani mwa kishimo, kamwe si juu ya seli. Mtu mmoja aoshe sahani nzima, maana mikono miwili haioshi sawa. Kisha tazama kwa hadubini: seli zikiwa zimebanduka, kishimo hicho kitupe.

Hatua ya 6: Pasua seli, hesabu. Triton X-100 kidogo, sabuni ya maabara, inatosha, lakini hakikisha kwanza haiwadhuru bakteria wako. Streptococcus pneumoniae hupasuka upesi kwa baadhi ya sabuni. Zimua mara kumi kumi, panda kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria), na kesho yake hesabu sahani zenye makoloni, yaani vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho, 30 hadi 300.

Hatua ya 7: Tafuta dawa inafanyia kazi wapi. Rudia jaribio kwa njia mbili: loweka bakteria kwenye dawa, waoshe, ndipo uwape seli, kisha loweka seli, zioshe, ndipo uongeze bakteria. Upande utakaopunguza kunata ndio dawa iliposhika.