Kutafuta na kuziba hewa ya wizi kwenye kabureta ya Corolla yenye injini ya 4K

Usiguse skrubu yoyote ya kabureta kabla ya kujua kama injini inavuta hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia pembeni bila kupita kwenye kabureta. Mara nyingi kazi huanzwa kinyume: sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) ikipanda na kushuka, fundi anageuza skrubu ya mchanganyiko, anapandisha ya sailensi, pengine anapanua jeti (kitundu cha kupitisha petroli), na upenyo uliosababisha yote uko palepale. Gari inarudi kwa mwenyewe ikinywa mafuta zaidi na bado inazima kwenye foleni.

Mfano wetu ni Toyota Corolla KE70, ile ambayo Kenya inajulikana kama DX, yenye injini ya 4K ya cc 1290. Ukiwa na 5K au gari nyingine ya zamani ya kabureta, mengi ni yaleyale.

Injini ikiwa kwenye sailensi, kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kimefungwa karibu chote, na pistoni zinavuta kwa nguvu chini yake. Hewa inayopita kihalali ni kidogo sana. Ufa mwembamba kwenye mpira mmoja unatosha kuongeza hewa isiyo na petroli na kuharibu uwiano wote wa hewa na petroli. Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi inapita kwenye kabureta na ile ya wizi haina uzito tena. Ndiyo maana gari inakimbia vizuri barabara kuu, kisha inatetemeka kwenye taa nyekundu.

Dalili nyingine ni injini kumisi (kurukaruka) ikiwa sailensi, kupiga mlio wa "pwa!" kupitia kabureta unapoongeza mafuta ghafla, na plagi kuwa nyeupe. Jaribio la haraka ni hili: injini ikiwa ya moto, vuta choki kidogo. Ikitulia, ilikuwa na njaa ya petroli. Lakini jeti ya sailensi iliyoziba inatoa jibu hilohilo, na vilevile vali ya umeme ya kukata petroli, ambayo kabureta nyingi za 4K zinayo. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa na urudishe waya wake. Isipolia "tik", anza na hiyo.

Ukiweza kupata geji ya vakyumu, yaani kipimo cha mvuto wa injini, iunge kwenye tundu la manifoldi (bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye injini) chini ya kabureta. Injini nzima iliyopata moto husoma inchi 17 hadi 22 za zebaki, sindano ikiwa imetulia. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari, yaani Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Kila mita 300 unazopanda, toa inchi moja hivi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700, inchi 12 hadi 16 ni uzima, na huna sababu ya kufungua kitu. Sindano iliyotulia chini kabisa, kati ya 3 na 9, ni hewa ya wizi nyingi, au taimingi ya vali iliyochelewa. Ikisimama chini kidogo tu ya kiwango, angalia taimingi ya moto (wakati wa plagi kutoa cheche) kwanza.

Sasa mtafute mwizi. Gari iwe nje, gia huru, breki ya mkono imevutwa, mikono na nguo mbali na feni. Eya klina itoke, na mpira wake wa vakyumu uzibwe kwa boliti ndogo, la sivyo utakuwa umejitengenezea tatizo jipya. Anza na mipira. Ibane mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa, usikilize mlio wa injini. Mlio ukibadilika, tatizo liko kwenye mpira huo au kifaa kilicho mwisho wake.

Hapa kuna mitego miwili. Mpira wa PCV, unaovuta mvuke wa oili, hupitisha hewa kihalali. Ukiubana, sailensi itashuka kidogo hata kwenye injini mpya. Mtego wa pili ni mpira wa distibuta, kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Kwenye kabureta nyingi tundu lake liko juu ya kipepeo, kwa hiyo kwenye sailensi halina mvuto na ufa wake hauonekani hadi ukanyage mafuta. Uchomoe upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo, kisha uzibe kwa ulimi. Mvuto ukipotea ulimi ukiwa bado umeziba, mpira una ufa au ngozi ya ndani ya distibuta imepasuka.

Mpira mnene wa busta ya breki (kifaa kinacholainisha pedali) ndio wenye uwezo wa kuzimisha injini kabisa. Ukiubana sailensi ikatulia na pedali ya breki ni ngumu, busta yenyewe inavuja. Hiyo ni kazi ya usalama, isisubiri mwisho wa mwezi.

Mipira ikiwa salama, chukua chupa ya maji ya kupulizia. Puliza kidogo kwenye kitako cha kabureta, kisha kwenye maungio ya manifoldi na kichwa cha injini, ukiepuka distibuta na waya za plagi. Maji yakiziba ufa kwa sekunde moja, mlio hubadilika. Wengi hutumia kemikali ya kusafishia kabureta. Inaonyesha vizuri zaidi, lakini manifoldi ya ekzosi ya 4K iko upande uleule, chini kabisa ya kabureta. Ukiitumia, fanya hivyo injini ikiwa bado baridi, na kizima moto kiwe mkononi mwa mwenzako, si ndani ya buti.

Mpira uliokauka badilisha wote. Kukata ncha iliyopasuka na kurudisha kunasaidia wiki chache tu. Nunua mpira wa vakyumu unaobana tundu lake. Mpira wa petroli unafaa pia, lakini wa maji ya kioo hulegea kwa joto.

Kitako cha kabureta ndicho chenye kazi. Kaza nati zake kwanza kwa spana namba 12, kwa mkingamo, kidogo kidogo. Usikaze kwa hasira: flanji, yaani uso wa chini wa kabureta, inapinda kwenye pembe, na ufa unahamia katikati. Kama bado inavuta, toa kabureta na uzibe mdomo wa manifoldi kwa kitambaa safi. Weka rula ya chuma kwenye flanji na upitishe fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi). Ya 0.1 mm ikiingia, isawazishe kwa msasa wa maji namba 240 kisha 400, juu ya kioo kinene, ukizungusha kwa umbo la nane. Kitako kivuliwe vipepeo kwanza, na vumbi lote lioshwe.

Kati ya kabureta na manifoldi kuna kipande kinene cha kuzuia joto, na gasketi juu na chini. Kikiwa na ufa, kitupe uweke kingine. Usikiache nje, maana petroli itachemka ndani ya kabureta na gari itagoma kuwaka ikiwa ya moto. Gasketi mpya ikikosekana, kata kwenye karatasi halisi ya gasketi, na kila tundu dogo la asili litobolewe. Karatasi ya boksi haivumilii petroli. Silikoni pia hapana: inavimba, inamomonyoka, na vipande vinaishia kwenye jeti na vali.

Gasketi ya manifoldi kwenye injini za K ni moja kwa hewa na ekzosi, hivyo ekzosi iliyopinda huvujisha hewa upande wa pili. Kaza nati zake injini ikiwa baridi, kutoka katikati kwenda nje.

Kinachobaki ni shafti ya kipepeo. Itikise juu na chini. Ikicheza na mlio ukabadilika ukiipulizia maji, hakuna gasketi itakayosaidia. Fundi wa leth anaweza kutoboa na kuingiza bushi za shaba.

Baada ya kuziba, sailensi itabadilika, kwa sababu kasoro ilikuwa imefichwa na skrubu. Weka taimingi, pasha injini moto, choki iwe wazi kabisa. Funga skrubu ya mchanganyiko polepole hadi iguse, bila kukaza, kisha ilegeze mizunguko miwili hadi miwili na nusu. Itafute sehemu ambapo injini inazunguka kwa kasi na utulivu zaidi, halafu shusha sailensi hadi mizunguko 750 hivi kwa dakika. Rudia zote mbili mara moja au mbili, maana moja ikisogea huivuta nyingine. Rudisha eya klina na mpira wake.