Kukaza na Kutunza Cheni ya Pikipiki Mwenyewe

Waendesha bodaboda wengi nchini Uganda huamini kwamba cheni iliyokazwa sana ndiyo cheni salama, na baadhi ya mafundi wa kando ya steji huwaunga mkono kwa kuikaza mpaka isitikisike. Cheni iliyolegea kupita kiasi hupiga kelele na huweza kuruka meno, kwa hiyo mwenye pikipiki huigundua mapema. Iliyokazwa kupita kiasi hailalamiki, bali huendelea kula sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) na beringi mpaka siku ya kununua spea.

Sababu iko kwenye mwendo wa gurudumu la nyuma. Gurudumu hilo limeshikwa na mkono wa chuma unaopanda na kushuka kadiri springi zinavyobonyea, lakini kiungio cha mkono huo hakiko mahali pamoja na sproketi ya mbele. Kiko nyuma yake kidogo. Kwa hiyo umbali kati ya sproketi mbili hubadilika, na hufikia upeo wake pale sproketi ya mbele, kiungio na ekseli ya nyuma (mhimili wa gurudumu) vinapokaa kwenye mstari mmoja, hali ambayo huelekea kutokea pikipiki inapobeba abiria wawili, gunia la mkaa au mikungu ya matoke. Cheni iliyovutwa ikanyooka wakati pikipiki haina mzigo haina mahali pa kupata urefu huo wa ziada, na nguvu yote huangukia shafti ya giaboksi, beringi za gurudumu na pini za cheni yenyewe.

Kwa pikipiki ndogo za kazi, kama Bajaj Boxer na TVS zilizojaa barabarani kwetu, ulegevu wa mm 20 hadi 30 kwa kawaida hufaa, ingawa kitabu cha mtengenezaji kikipatikana ndicho cha kufuatwa. Isimamishe pikipiki kwenye stendi ya kati, zima injini, itoe kwenye gia, kisha usukume cheni juu na chini kwa kidole katikati ya sehemu yake ya chini na kupima umbali inaosafiri. Usipime mahali pamoja tu. Cheni haichakai sawasawa, kwa hiyo zungusha gurudumu taratibu kwa mkono na upime sehemu kadhaa mpaka upate ile iliyokaza kuliko zote, kwa kuwa hapo ndipo kipimo chako kinapaswa kuchukuliwa. Kamwe usiizungushe cheni kwa injini huku umeshika kitambaa au brashi. Sproketi hukata vidole kabla mtu hajapata nafasi ya kuvuta mkono.

Marekebisho yenyewe si magumu. Chomoa pini ya kufungia kama ipo, legeza nati ya ekseli, kisha ugeuze nati za kuvutia zilizoko mwisho wa mkono wa nyuma, robo mzunguko kwa kila upande, kushoto na kulia kwa kiasi kilekile. Alama zilizochorwa pembeni husaidia kulinganisha pande hizo mbili, lakini mimi siziamini peke yake, hasa kwenye pikipiki iliyowahi kuanguka. Chuchumaa nyuma uangalie cheni kwa jicho moja kuelekea mbele: inapaswa kuingia kwenye sproketi bila kupinda upande wowote. Ukishakaza nati ya ekseli pima tena, kwa sababu kule kukaza huweza kuisogeza ekseli.

Kuhusu usafi, vumbi la barabara za Karamoja na West Nile wakati wa kiangazi ni adui mkubwa kuliko matope, kwa kuwa likichanganyika na oili huwa msasa. Sugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa au dizeli, si petroli, iache ikauke, kisha uipake oili nzito ya gia, SAE 90. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo wengi huitumia kwa kuwa haina gharama, imebeba vipande vidogo vya chuma na ni nyepesi mno kukaa mahali pake. Ipake upande wa ndani wa cheni ili mzunguko uisukume kupenya kwenye viungo, na ufanye hivyo jioni baada ya kazi, cheni ikiwa bado na joto, kisha asubuhi ufute yote iliyobaki juu. Kila km 500 inatosha wakati wa ukavu. Mvua ikinyesha, usisubiri.

Cheni haitunziki milele. Kwa cheni ya namba 428, pini hadi pini ni mm 12.7, hivyo viungo 20 vilivyovutwa vikanyooka hupima mm 254 vikiwa vipya. Vikifika mm 259, cheni imekwisha. Kuikata kiungo kimoja ili irudi kukaza ni hasara tupu, kwa sababu viungo vilivyorefuka havilingani tena na meno ya sproketi. Meno yenyewe yakishapinda kama mundu, nunua cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, iwe soko la spea la Kisekka jijini Kampala au duka la mjini kwako, na unapofunga klipu ya kiungo cha kuungia, upande wake uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda.

Jambo la mwisho kabla ya kuondoka ni breki ya nyuma. Ekseli ikirudi nyuma, fito ya breki ya ngoma huvutika, na breki huweza kushika bila wewe kukanyaga. Zungusha gurudumu, likigoma, legeza nati ya fito mpaka lizunguke bila kizuizi, kisha ukanyage breki mara kadhaa uone kama inashika na taa ya nyuma inawaka.