Gesi haijaibiwa, sufuria imeila

Wifi yangu wa Gungu, hapa hapa Kigoma, alinipigia simu saa mbili usiku, kwa hasira hata salamu hakuimaliza. Mtungi wa kilo 6 umezimika, maharage yako nusu, watoto wanalia njaa. Siku kumi na moja tu tangu aununue. "Wamenipunja, wifi. Wameniuzia hewa."

Kesho yake nikamfuata, na mkononi nilibeba mzani wa kuning'iniza ninaopimia dagaa kwenye banda langu la chakula Kibirizi. Tukaupima mtungi: uzito wake ulikuwa uleule uliogongwa kwenye chuma chake, yaani mtupu kweli. Kama ulijaa siku ya kununua, hapo siwezi kumsemea mtu, maana siku hiyo hakuupima. Basi hilo la kwanza lishike: pima siku unayonunua, mbele ya muuzaji. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha na kilo 6 zako. Muuzaji mwenye haki yake hatakununia.

Halafu nikamwambia awashe jiko la jirani, aweke sufuria yake ya maharage kama anavyofanya kila siku. Akaweka. Sufuria ya miaka mingi ya mkaa, nyeusi, kitako kimebonyea mpaka ikiguswa inacheza kama pia. Mfuniko hakuna. Moto kaufungua mpaka mwisho, na ndimi zake zinapanda ubavuni hadi kwenye mashikio. Nikaweka mkono pembeni, mbali kidogo na sufuria, nikauondoa haraka. Nikamwambia aweke na wa kwake. "Joto hilo unalolisikia mkononi," nikamwambia, "ndiyo ile gesi unayosema umeibiwa."

Pleti ya kawaida ya jiko la gesi la nyumbani, pale moto unapotokea, ikifunguliwa mwisho hula takriban gramu 200 kwa saa. Maharage yake hayalowekwi, yanakaa motoni zaidi ya saa mbili, bado chai na ugali. Hiyo ni nusu kilo na zaidi kwa siku. Gawa kilo 6 utazame kama hufiki siku kumi na moja.

Tatizo letu ni kwamba tumejifunzia kupika kwenye mkaa. Mkaa ukishashika unautumia usiutumie unaungua, kwa hiyo tumezoea kuwasha kwanza, halafu ndiyo tunaanza kutafuta kitunguu. Kwenye gesi kata kitunguu, menya nyanya, osha mchele, sufuria iwe na kitu ndani, ndipo uwashe. Serikali imeweka lengo kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ni jambo jema, ila mtungi hauji na shangazi wa kukufundisha.

Sufuria ya gesi iwe na kitako bapa. Iweke juu ya meza. Ikicheza, ipeleke kwa fundi aigonge inyooke au ibaki ya kuchotea maji. Iwe nene kiasi. Zile nyepesi zinazouzwa kwa bei ya kutupa, moto unapiga katikati tu, wali unaungua kitovu na kando ni mbichi. Alumini nene inasambaza joto vizuri na haraka, na mimi ndiyo napikia karibu kila kitu. Chuma kizito kinachelewa kupata joto lakini kikilipata kinalishikilia, kwa hiyo kikaango cha chapati kikishapata moto punguza, hakihitaji tena ndimi kubwa. Kikaango kile kisichogandisha chakula usikiweke mtupu kwenye moto mkali ukaenda kujibu simu: rangi yake ya ndani inaharibika na kutoa moshi mbaya. Chungu cha udongo kinawezekana, ila kiwe na maji tangu mwanzo na moto uanze mdogo. Ukikipa moto mkali ghafla kinapasuka na mboga inazima jiko. Mimi vyungu vyangu nimeviachia mkaa wa nje.

Masizi kwenye kitako yasugue mara moja, uanze upya. Baada ya hapo sufuria ikizidi kuwa nyeusi, lawama ni ya jiko. Moto wa gesi unatakiwa uwe wa bluu. Ukiona wa njano, unaochezacheza na kuacha masizi, gesi haipati hewa ya kutosha. Mara nyingi ni uji au povu la maharage limemwagika likaziba matundu. Subiri jiko lipoe, toa kichwa cha pleti, zibua tundu mojamoja kwa sindano, usitumie njiti ya kiberiti maana inakatikia ndani. Kausha kabisa kabla ya kurudisha. Moto wa njano pia unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo usipike umefunga mlango na dirisha eti unazuia upepo.

Na upepo wa Ziwa Tanganyika sisi tunaujua. Pale Kibirizi jioni moto unalala upande mmoja kama majani ya mgomba. Kinga ni bati moja upande upepo unakotoka, mtungi ukibaki nje ya kinga. Usizungushe mabati pande zote ukaufungia mtungi ndani pamoja na joto.

Hapo nina kisa changu mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa banda nilikuwa na kile kijiko kinachokaa juu ya mtungi mdogo, na nikapewa oda ya chakula cha watu arobaini. Nikatandika sufuria ya msibani juu yake. Sufuria pana inarudisha joto chini, kwenye kichwa cha mtungi. Baada ya kama saa moja nikataka kupunguza moto, kile kitufe cha plastiki kilikuwa kimelainika kama mkate uliochovywa chai. Nilikizungusha kwa kitambaa, mkono unatetemeka, kikakubali. Jiko la juu ya mtungi ni la birika na sufuria ya familia. Ukitaka kupikia watu wengi, nunua jiko linalokaa chini, pana, lenye mpira, na mtungi uusogeze pembeni mpira unapofikia bila kuvutika wala kupita chini ya moto.

Maharage loweka tangu usiku, asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, funika. Yakichemka, punguza moto mpaka povu lionekane kidogokidogo tu. Hapa wifi alinibishia sana. Anaamini maji yakirukaruka ndiyo yanaivisha haraka. Maji yakishachemka yamefika mwisho wa joto lake, ukiongeza moto unaongeza mvuke tu. Tena kwetu Kigoma hayafiki hata nyuzi 100, maana hili ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Yanachemkia kwenye nyuzi 97 hivi. Ukitaka joto kupita hapo, nunua sufuria ya presha, na hiyo ikianza kupiga filimbi nayo punguza moto. Kabla ya kuifunga chungulia tundu la mvuke uone mwanga upande wa pili, na usiifungue mpaka mvuke wote utoke.

Wali. Kwenye mkaa tunapalia, makaa juu ya mfuniko. Kwenye gesi hakuna makaa, na watu wengi wanakata tamaa hapo. Mimi maji yakikaribia kukauka natandika jani la mgomba juu ya mchele, nafunika, halafu nainua sufuria naweka kikaango cha chapati chini yake, moto mdogo kabisa. Kikaango kinalitandaza joto, wali unakauka kitako kizima bila ukoko mweusi. Dakika kumi, nazima, na siufunui. Unamalizia wenyewe.

Ugali wa muhogo ndio unaoangusha majiko. Ule ni mzito, unausonga kwa mabega, na jiko la gesi liko juu ya meza na vyuma vyake vyepesi: sufuria inazunguka, jiko linatembea, mpira unavutwa. Sipigani nalo. Maji yakichemka natia unga, nakoroga mpaka ushikane, nazima, naishusha sufuria chini kwenye ngata, nakaa kwenye kigoda, naibana kwa miguu yenye kitambaa na kuusonga huko mpaka mabonge yaishe. Kisha naurudisha motoni dakika mbili tatu, moto mdogo, umefunikwa.

Sasa mawese. Mgebuka uliokaangwa kwa mawese hauna mpinzani, na sitaki mtu auache kwa kuogopa. Mkaushe samaki kwa kitambaa, maana maji ndiyo yanayorusha mafuta. Mafuta yasipite theluthi ya kina cha kikaango. Yakianza kutoa moshi, umeshachelewa, zima kwanza. Mimi niligeuka kumrudishia mteja chenji, nikasikia sauti kama kitambaa kinachochanwa. Kugeuka, kikaango chote kinawaka. Binti wa ndugu yangu tayari kachota kata ya maji. Nilimpigia ukelele mpaka wavuvi wakasimama. Maji kwenye mafuta yanayowaka yanageuka mvuke papo hapo na kuyarusha moto juu ya paa na nyuso za watu. Nikafunga gesi, nikanyakua mfuniko, mdogo! Nikanyakua sinia la ugali, nikalitelezesha juu kutokea upande wangu kama ngao. Moto ukafa. Hatukukigusa kikaango mpaka kikapoa, kwa sababu ukifunua mapema unawaka tena. Tangu siku hiyo siwashi moto wa kukaangia kabla mfuniko unaotosha haujakaa pembeni ya mkono wangu.

Kuhusu kuvuja: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi dirishani kama moshi, inatambaa sakafuni na kujaa kwenye pembe. Ile harufu ya kitu kilichooza imetiwa makusudi ili uisikie. Ukiisikia, usiwashe wala kuzima taa, usipige simu humo ndani. Zima moto wowote uliopo, funga mtungi, fungua mlango, toa watoto, na kama jirani ana jiko la mkaa barazani, mwambie alisogeze mbali. Kutafuta panapovuja tumia povu la sabuni: lipake kwenye kichwa cha mtungi, kwenye reguleta, kile kifaa kinachounganisha mtungi na mpira, na ncha zote mbili za mpira, panapotoa mapovu yanayokua, ndipo. Kuna watu wanatafuta kwa njiti ya kiberiti. Sina la kuwaambia.

Mpira ukiukunja ukaona nyufa, badilisha, usiuzungushie nailoni. Kila ncha ibanwe kwa kibanio cha chuma. Njiti iwake kwanza, gesi ifuate. Usiku funga kwenye mtungi, usiishie kwenye kitufe cha jiko. Na mtungi unapokaribia kuisha wapo wanaoulaza ubavu eti gesi ishuke. Ndani mna maji ya gesi. Ukiulaza yanaweza kupita kwenye mpira, na moto utakaotoka pale si wa kupikia. Mtungi unasimama wima tangu unaponunuliwa hadi unaporudishwa dukani, hata kwenye bodaboda.

Wifi alinunua mwingine, safari hii tukiupima wote wawili. Ukutani pembeni ya jiko ameandika tarehe kwa kipande cha mkaa. Nimepita Jumapili, ni siku ya kumi na tisa, na sufuria ile ya kucheza kama pia ameipandia mchaichai.