Somo: Kuchagua diski na pedi za breki (soma lote kabla ya kuuliza)

Nimechoka kujibu "mkuu, pedi gani nzuri?" Naandika mara moja.

1. Agiza kwa namba ya chasi. Modeli moja huweza kuwa na diski za saizi mbili.

2. Pima diski. Unene wa mwisho umegongwa kwenye diski yenyewe: MIN TH, kwa milimita. Ikifika hapo haichongwi, inatupwa.

3. Pedi za oganiki ni laini, kimya, huisha haraka. Za nusu-metali huvumilia joto la mteremko na mzigo, ila hupiga kelele na kula diski. Za seramiki zina vumbi kidogo. Diski za matundu acha: nyufa huanzia kwenye matundu.

4. Badilisha kushoto na kulia pamoja.

5. Safisha habu, yaani kitovu cha gurudumu ambapo diski hukaa. Hapa nililia. Nilifunga diski mpya juu ya kutu. Baada ya wiki kadhaa, nikikanyaga breki usukani unatetemeka. Nikanunua diski nyingine, mtetemo ukarudi! Kumbe nyuma ya diski kulibaki gamba la kutu, jembamba kama ganda la kitunguu. Diski ikikaa mshazari kidogo tu, huliwa upande mmoja. Sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu: yafute kwa dawa ya kusafishia breki. Grisi isiguse uso wa diski wala pedi. ISIGUSE.

6. Kabla ya kuondoa gari, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu.

MASWALI

– Mkuu, pedi ipi nzuri?
– Namba 3.

– Nimebadilisha pedi za kushoto tu, gari linavuta. Diski mbovu?
– Namba 4 umeiruka, halafu unalaumu diski.

– Kwa nini wanasema pedi mpya zizoezwe?
– Umeuliza la maana, nililisahau. Pedi hupaka utando mwembamba kwenye diski, na utando huo ndio unaosaidia kushika. Toka kilomita 60 kwa saa shuka hadi 10, mara nane hivi, bila kusimama. Kisha endesha taratibu zipoe. Ukisimama umekanyaga zikiwa za moto, pedi huacha doa.

– Nikirudisha ndani pistoni inayosukuma pedi, oili ya breki inafurika kwenye kikopo chake.
– Ipunguze kwanza kwa sirinji. Ikidondokea bodi mwagia maji upesi, hubambua rangi.

– Pedi ibadilishwe ikibaki kiasi gani?
– Milimita 3, bila kuhesabu bati la mgongoni mwake. Pima na ya ndani. Ikiwa imeisha kuliko ya nje, toa pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) uzitazame, huenda zimekwama.