Mkutano mkuu wa kijiji: namna ya kuuandaa ardhi ya pamoja isiondoke

Sisi Watongwe wa Uvinza tulishushwa kwenda ufukweni mwa Ziwa Tanganyika na vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, na mwaka 1985 milima yetu ya Mahale ikawa hifadhi ya taifa. Milima hiyo sasa ina wenyewe. Ninachowaambia vijana ni cha ardhi iliyobaki: anzeni na mkutano mkuu, wakili baadaye.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya udhamini tu, yaani kuitunza ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia, na mjumbe wa mkutano huo ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18.

Piteni kwanza vitongojini. Waulizeni wazee mipaka ya zamani, makaburi na sehemu za matambiko, kisha mzitembelee pamoja na wazee wa kijiji jirani. Wakigundua baadaye kwamba mlipima bila wao, mtaanza upya. Mkutano uitwe mbalamwezi ikiwa kali. Siku hizo taa hazivuti dagaa, wavuvi wako nyumbani. Giza likirudi mtabaki na wazee na watoto, halafu wavuvi watasema hawakushirikishwa, na kweli hawakushirikishwa.

Ajenda iwe moja: kutenga eneo la pamoja. Kina mama wasikae nyuma. Hata baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, sheria inataka watatu wawe wanawake.

Sasa karatasi, maana hapo ndipo watu hulizwa. Fomu ya mahudhurio isiyo na kichwa cha habari wala tarehe msiisaini, hata kama mgeni kaleta soda. Inaweza kubandikwa kwenye uamuzi wowote. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, usainiwe, upigwe muhuri, na nakala moja ikae kwa mtu asiye kiongozi.

Uamuzi ukishapita, ombeni halmashauri ya wilaya mpango wa matumizi ya ardhi, kisha ombeni halmashauri ya kijiji hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la kundi. Inawezekana: Wahadzabe wa Yaeda, Mbulu, waliipata 2011.

Serikali ikitaka eneo la chini ya hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo mnatoa mapendekezo, waziri anaamua. Kwa hiyo ulizeni ukubwa kwanza, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.