Kusoma majibu ya jaribio la rilei wazi

Rilei wazi ni seva ya barua pepe inayokubali kumpitishia mgeni yeyote barua kwenda kwa watu wa nje; jaribio hili huonyesha kama seva yako iko hivyo. Seva ya barua pepe iko ofisini Mtumba? Usiijaribu ukiwa kwenye mtandao wa ofisi hiyohiyo. Anwani za ndani zimeruhusiwa kutuma, kwa hiyo utapata 250 (yaani "imekubaliwa") na kuogopa bure. Jaribu kutoka nje, na poti 25 (mlango wa seva kupokea barua) iwe wazi huko utokako. Muunganisho ukikwama, hujapima kitu.

Linalohesabika ni jibu la RCPT TO (amri ya kumtaja mpokeaji), mtumaji na mpokeaji wote wakiwa wa vikoa vya nje. 554 5.7.1 yenye "Relay access denied" (kupitisha barua kumekataliwa) ni salama. Ila soma maneno yake: ikisema IP yako imo kwenye orodha ya spamu, umekataliwa wewe, na rilei haijapimwa. 450 au 451 ni kuahirishwa tu, rudia baadaye. 250 nayo si hukumu, maana baadhi ya seva hupokea kisha hutupa: maliza kutuma, uone kama barua imefika kweli.

Ikifika, fungua logi. Kila mgeni akionekana kutoka anwani ya ruta, mfano 192.168.1.1, NAT (ruta kubadilisha anwani za wanaopita) inaficha anwani halisi, na Postfix (programu ya seva ya barua) inamhesabu kila mtu kuwa wa mynetworks (orodha yake ya anwani zilizoruhusiwa kutuma). Iondoe anwani hiyo mynetworks mara moja, kisha rekebisha ruta.