Somo: Kuhesabu RNA ndani ya seli bila kuiondoa seli mahali pake

Wakuu, somo nililoahidi la MERFISH, njia ya kuhesabu RNA kwa hadubini, ndilo hili. Maswali tupieni chini.

Kwanza shida yenyewe. Ukisaga ubongo wa panya ukasoma RNA yake (nakala ambazo seli hutoa kwa jeni inazozitumia), unapata hesabu ya jeni bila kujua nani anakaa wapi. Hata ukizitenganisha seli moja moja, ni kama sensa iliyofanyiwa uwanja wa mpira: utajua mafundi cherehani ni wangapi, ila huwezi kwenda kugonga mlango wa hata mmoja. MERFISH, iliyotoka maabara ya Xiaowei Zhuang pale Harvard mwaka 2015, huwahesabu watu wakiwa majumbani mwao.

Hatua ya 1: Orodha ya jeni. Iandike kabla hujashika kisu. RNA fupi mno iache, maana kila molekuli inatakiwa kushikwa na makumi ya probu, yaani vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa vijibandike kwenye RNA hiyo. Jeni yenye nakala nyingi kupita kiasi nayo iache. Nukta zake zitabanana mpaka uone ukungu.

Hatua ya 2: Tishu. Wengi ramani yao hufia hapa, na msiba wanaujua wiki mbili baadaye. Ubongo ukitoka, ugandishe mara moja. Kata kwa krayostati (mashine ya kukatia tishu iliyoganda) vipande vya mikromita 10, bandika kwenye kioo chembamba, tia fomaldehidi 4%, kisha laza kwenye ethanoli 70% usiku kucha ili utando wa seli upitishe probu. Vimeng'enya vinavyokula RNA viko kwenye ngozi yako, mate yako na meza yako. Slaidi zangu za kwanza zilitoka giza tupu. Nililaumu probu, nikalaumu hadubini. Kumbe maji ya kuoshea nilikuwa naazima benchi la jirani. Siku hizi chupa zangu zina jina langu na zinakaa kabatini kwa kufuli. Wanaocheka wacheke.

Hatua ya 3: Probu za msimbo. Sehemu moja ya probu inashika RNA ya jeni yake, na mikia yake inabeba msimbo. Ipe saa 36 hadi 48 kwenye nyuzi 37.

Hatua ya 4: Jeli. Funika tishu kwa jeli nyembamba inayozishikilia RNA, kisha yeyusha protini na mafuta. Tishu ya ubongo huwaka yenyewe bila kuombwa, na hatua hii huufifisha mwanga huo. Ila kama unataka kupaka rangi utando wa seli, fanya hivyo kabla. Protini ikishayeyuka hairudi.

Hatua ya 5: Kuita majina. Mfikirie mwalimu anayeita rejista mara 16, na kila jeni imeambiwa iitikie miito minne tu. Mwito mmoja ni hivi: mimina probu yenye rangi inayoshika mikia ya mwito huo, piga picha, zima rangi. Mwishoni kila nukta ina mfuatano wa kuwaka na kutowaka, na mfuatano huo ndio jina lake.

Utamu uko kwenye mpangilio wa majina hayo. Misimbo yoyote miwili hutofautiana mahali pasipopungua 4. Nukta ikikosea mara moja, bado iko karibu na jina lake kuliko jina jingine lolote, unairekebisha. Ikikosea mara mbili inaweza kuwa katikati ya majina mawili, itupe. Wazo hili la kusahihisha makosa Richard Hamming alilichapisha mwaka 1950 kwa ajili ya mashine za kukokotoa, si kwa seli. Gharama yake ni kwamba unabaki na misimbo 140 badala ya 65,535. Na kwa nini miito minne, si minane? Kwa sababu kukosa kuwaka hutokea zaidi ya kuwaka ovyo. Jeni ikiitwa mara nyingi, inapata nafasi nyingi za kukosea.

Hatua ya 6: Mipaka ya seli. DAPI, rangi inayoshika DNA, inaonyesha kiini, lakini RNA nyingi iko nje ya kiini. Programu kama Cellpose inasaidia, ila chora seli mia kwa mkono ulinganishe. Ukikuta seli moja ina jeni za neva na za mshipa wa damu, usikimbilie kutangaza aina mpya. Kagua mpaka kwanza.

Hatua ya 7: Misimbo mitupu. Acha misimbo michache isiyo na jeni. Ikianza "kuonekana" kwa wingi, hesabu zako nyingine pia zina walakini.

MASWALI

*Mkuu, hii ina tofauti gani na ile njia ya Stockholm ya 2016 ya kusoma RNA kwa ramani ya tishu (spatial transcriptomics)?*
Ile ilinasa RNA kwenye madoa ya mikromita 100, kwa hiyo doa moja lilibeba seli nyingi. Faida yake ni kwamba huchagui jeni mapema. Kama hujui unachotafuta, anzia huko.

*Hospitalini tuna vipande vya tishu vilivyohifadhiwa kwa fomalini na nta miaka mingi. Vinafaa?*
Vinafaa kwa tabu, dada. Fomalini na muda huikatakata RNA, hivyo probu chache hupata pa kushika. Pima ubora wa RNA kwanza, usichome hela.

*Seli ikikatwa nusu na kisu?*
Utaihesabu nusu. Ndiyo maana tunalinganisha uwiano wa jeni ndani ya seli, siyo idadi kavu.

*Kuna lolote la maana limepatikana, au ni picha nzuri tu?*
Mwaka 2018 maabara ya Zhuang na ya Catherine Dulac walipima seli zipatazo milioni moja za eneo la preoptiki (sehemu ya haipothalamasi) kwenye ubongo wa panya. Walipata makundi kama 70 ya neva, na wakaona yapi huamka panya akilea watoto.

*Sisi hatuna mashine ya MERFISH. Tufanyeje?*
Anza na jeni moja. Probu fupi kama 48 za rangi moja, hadubini ya mwanga wa rangi yenye lenzi ya mafuta, na kamera nzuri. Utaona molekuli moja moja kama nukta. Uchambuzi jifunzie data za Allen Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, ziko wazi mtandaoni. Zipo seli milioni 4 za ubongo wa panya, kwa hiyo anza na kipande kimoja, la sivyo kompyuta itaganda.